Rafu ya Tatu

Dukani kwangu Mbaruk, rafu ya tatu kutoka chini,
kati ya dawa ya kupe na vitamini za kuku,
ilikaa chupa yenye punje za zambarau.
Ya wadudu wa nyanya, lebo ilisema.
Sikumbuki kumuuzia mwenye nyanya.

Kamakia alikuja Julai, umande bado kwenye gambuti.
Kondoo watatu, akasema, na vidole vitatu
akavilaza juu ya kaunta kana kwamba ndiyo mizoga.
Nikampa chupa. Nikamrudishia chenji.
Nikamwambia: unawe mikono.

Hilo tu ndilo nililomwambia.

Jumamosi asubuhi nikaitwa kuona.
Kwenye vichaka vya leleshwa, chini ya ule mlima
unaofanana na mtu aliyelala chali,
mbuzi aliyepasuliwa tumbo, na kumzunguka:
tai wanne, mabawa wazi kama miavuli iliyovunjwa na upepo;
kunguru, sikuwahesabu;
Tomi, mbwa wa Kamakia mwenyewe, povu mdomoni;
na bweha wawili.
Wa kike alikuwa na maziwa.
Niliminya. Yalikuwa bado yanatoka.

Siku mbili Nyaguthii, binti yangu, akitoka shule,
aliwasikia watoto ndani ya shimo
upande wa machimbo ya mawe meupe.
Siku ya tatu hakuniambia kitu,
nami sikumuuliza.

Wasomi, nasikia, wamempima damu
wakasema huyu si bweha, ni mbwa mwitu,
ndugu wa wale wa nchi za theluji.
Wamembadilishia jina vitabuni.
Hapa Mbaruk hakuna aliyempelekea habari.
Kwa jina jipya au la zamani, alikula panya wetu
kila usiku, bila mshahara, bila risiti,
na mwaka ule ghala za Kasambara
zilijaa panya waliotembea mchana kweupe
kama wapangaji waliokwisha lipa kodi.

Na kondoo? Waliendelea kufa.
Agosti tukamfumania mwizi, sufu kwenye meno.
Kikulacho, wanasema, ki nguoni mwako:
chetu kilikuwa na kamba ya katani shingoni.
Mbwa wa nyumba fulani ya mjini,
aliyeshushwa kwenye lami usiku, gari likaondoka.

Kwa hiyo nasema, na aliyenunua kwangu anisikie.
Siwaombi mumpende bweha.
Hata mimi akilia saa tisa usiku navuta blanketi.
Nasema boma lisukwe miiba mpaka juu,
kondoo walale ndani yake, si ndani ya matumaini.
Nasema mpimaji yule, anayepigilia vigingi
hamsini kwa mia, hamsini kwa mia, mpaka ukingoni mwa ziwa,
abakize kipande cha leleshwa kisicho na namba,
njia ya kupita asiyesoma hati.
Nasema wenye maduka wenzangu, mnaonijua,
mnaojua pia chupa ninayoitaja:
mteja akiweka vidole juu ya kaunta
muulizeni nyanya zake ziko wapi.

Kamakia hanisalimii siku hizi.
Anadhani shairi hili linamhusu yeye.
Mwambieni nilichukua pesa yake, ile noti iliyokunjwa mara nne,
na nilinunua nayo mkate.

Kwenye rafu ya tatu nimepanga chumvi ya kulamba ng'ombe.
Chini yake kuna mduara wa zambarau usiofutika;
nimesugua kwa jivu, nimesugua kwa mafuta ya taa.
Wateja hawauoni.

Jana usiku mmoja alilia upande wa ziwa.
Heroe wakanyamaza.
Sikuvuta blanketi. Niliketi kitandani
nikasubiri wa pili aitikie,
nikasubiri,
mpaka akawika jogoo wa Kamakia.